Darasa la Kwanza Juu ya Theluji

Sisi tuliozaliwa miguuni mwa Kilimanjaro tumeiona theluji tangu tungali migongoni mwa mama zetu, lakini wengi wetu hatukuwahi kuigusa. Ilikuwa kitu cha kutazamwa alfajiri, kabla mawingu hayajaifunika Kibo. Basi msomaji asishangae nikimwambia kwamba siku nilipoikanyaga kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekwishastaafu, tena mbali sana na nyumbani, katika jimbo la Colorado, Marekani. Ilikuwa mwezi wa Machi 2019. Nilikwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Denver. Somo nililolipata huko lilihusu ualimu kuliko lilivyohusu theluji.

Binti yangu ni mpenzi wa mchezo wa skii. Kwa asiyezijua, skii ni mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa kwenye viatu. Mtu hupandishwa mlimani kwa mtambo, kisha huteremka kwa kuteleza. Amecheza mchezo huu zaidi ya miaka kumi na tano, na hushuka mahali ambapo mimi nisingethubutu hata kuchungulia. Jumamosi moja tulikwenda mahali panapoitwa Keystone pamoja na wajukuu wangu wawili, mvulana wa miaka tisa na msichana wa miaka sita. Nilidhani mama yao atawakabidhi kwa mwalimu, halafu aende zake kwenye miteremko ya mabingwa. Haikuwa hivyo. Alishinda kutwa nzima nao kwenye mteremko mwepesi kuliko yote, na jioni furaha yake iliwazidi hata wao.

Tukiwa njiani kurudi nilimwuliza, "Mwanangu, hukuchoshwa na mteremko wa watoto?"

"Baba," alinijibu, "ule mteremko haujanimaliza. Kila nikishuka nakuta jambo ambalo sijalifanya vizuri."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Niliporudi nyumbani nilianza kusoma habari za mchezo huu, kwa kuwa desturi ya mwalimu haiishi kwa kustaafu. Nilitaka kujua jinsi binadamu walivyofika mahali ambapo bingwa na mtoto wanaweza kufurahi katika njia moja.

Watu wa nchi za kaskazini wametumia skii kwa maelfu ya miaka, kwa kusafiri na kuwinda. Lakini mchezo wa kuteremka kama tunavyoujua leo hutajwa sana pamoja na kijiji cha Morgedal, katika wilaya ya Telemark nchini Norway. Huko alizaliwa mwaka 1825 Sondre Norheim, mkulima maskini asiye na shamba lake mwenyewe, aliyekuwa pia fundi wa mbao. Alifunga kisigino cha kiatu kwenye skii kwa fito zilizosokotwa, ili skii isimtoke anaporuka au kugeuka. Tena alizichonga skii zake zikawa nyembamba katikati na pana kwenye ncha, kama mtu mwenye kiuno. Kiuno hicho kiliisaidia skii kukata kona. Mwaka 1868, akiwa amepita umri wa miaka arobaini, alishinda mashindano katika mji mkuu, ambao leo huitwa Oslo. Mwaka 1884 alihamia Marekani, na huko akafariki mwaka 1897. Msomaji akikumbuke kile kiuno cha skii, maana tutakirudia.

Mtu wa pili ni mwalimu mwenzetu. Mathias Zdarsky, aliyezaliwa mwaka 1856, alifanya kazi ya ualimu kabla ya kwenda kuishi shambani karibu na Lilienfeld, nchini Austria. Mwaka 1888 Fridtjof Nansen wa Norway aliivuka Greenland kwa skii, na kitabu cha safari hiyo kikawatia hamu watu wengi wa Ulaya. Zdarsky aliagiza skii kutoka Norway, akaona haziifai milima ya kwao yenye miteremko mikali. Akazifupisha, akabuni kifungio cha chuma, na mwaka 1896 akachapa kitabu cha kufundishia. Watu wengi aliwafunza mwenyewe, bila malipo. Huyu hakutaka wanafunzi wake wawe mashujaa wa kuvunjika miguu. Alitaka wajue kugeuka na kusimama. Mwenda pole hajikwai.

Wa tatu ni Hannes Schneider, aliyezaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Stuben, kwenye milima ya Arlberg, huko huko Austria. Mwaka 1907 alianza kufundisha wageni wa hoteli moja ya St. Anton. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alianzisha shule ya skii yenye utaratibu ambao mwalimu yeyote wa shule ya msingi angeutambua mara moja. Wanafunzi waligawanywa katika madarasa kwa kadiri ya uwezo wao. Walianza na mwendo wa kupanua mikia ya skii ili kupunguza kasi, wakaendelea hatua kwa hatua hadi kwenye kona za kasi. Mwaka 1938 Wanazi walipoitwaa Austria, Schneider alikamatwa. Aliachiwa baadaye, na mwaka 1939 akafika North Conway, katika jimbo la New Hampshire, Marekani, akaendelea kufundisha hadi alipofariki mwaka 1955. Alipoteza nchi yake, lakini mtaala wake ulivuka bahari pamoja naye.

Hata hivyo, palikuwa na kikwazo kimoja. Zamani anayetaka kuteremka alilazimika kwanza kupanda kwa miguu. Mtu akipanda nusu saa kwa jasho, hakubali kushuka kwa dakika mbili kwenye mahali pepesi. Atatafuta mahali pa kumlipa jasho lake. Na mtoto mdogo huishiwa nguvu kabla hajajifunza lolote. Bila kurudia hakuna kujifunza, na bila njia rahisi ya kupanda hakuna kurudia.

Kikwazo hicho kiliondolewa kwa msaada wa ndizi. Naam, ndizi. Mwaka 1936 kampuni ya reli ya Union Pacific, chini ya mwenyekiti wake Averell Harriman, ilikuwa ikijenga kituo cha mapumziko kiitwacho Sun Valley, katika jimbo la Idaho. Mhandisi wake mmoja, James Curran, aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia ndizi melini, ambamo mikungu huning'inizwa kwenye kulabu zinazovutwa na waya. Alifikiri kwamba ukiondoa kulabu na kuweka viti, mtambo ule ule utabeba watu. Wakubwa wengine walisita, lakini mtambo ukajengwa. Desemba 1936 viti hivyo vilianza kupandisha watu kwenye vilima viwili vya Sun Valley, kimoja kikiitwa Dollar. Kilima cha Dollar ni chepesi, urefu wake kutoka chini hadi juu haufiki mita 200, na mpaka leo kinatumika kufundishia wanaoanza. Mimi niliyekulia chini ya migomba, nikabeba mikungu kichwani hadi sokoni, nilicheka peke yangu niliposoma habari hii.

Sasa turudi Keystone. Mwaka 1942 Max Dercum, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya misitu chuo kikuu, alihamia sehemu hiyo ya Colorado pamoja na mkewe Edna. Waliutamani mlima ule kwa miaka mingi, na mwaka 1970 ukafunguliwa kwa wacheza skii. Leo unaitwa Mlima Dercum. Kilele chake kipo yapata mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa anayeijua njia ya Marangu, ni kati ya Mandara na Horombo, ila karibu zaidi na Horombo. Kutoka kileleni hadi chini kabisa upo mteremko mwepesi wenye urefu wa zaidi ya kilomita 5, ambao kibao chake kina duara la kijani, alama ya njia nyepesi katika Amerika ya Kaskazini. Jina lake ni Schoolmarm. Hilo ni neno la zamani la Wamarekani lenye maana ya mwalimu wa kike wa shule, hasa yule wa shule ya kijijini.

Wajukuu walinipandisha hadi juu ndani ya kibanda kinachovutwa na waya, nikasimama pale nimejifunika mablanketi kama mgonjwa. Ndipo nilipolielewa jambo la kwanza. Mahali pengi wanaoanza huwekwa chini kabisa, kwenye kiwanja kidogo nyuma ya majengo, wakiwatazama wenzao wakitoka kileleni. Hapa mtoto wa miaka sita anatoka kilele kile kile anachotoka bingwa, anaona safu zile zile za milima, na ana safari ya kweli mbele yake, yenye mwanzo, kona na mwisho. Mteremko ukiwa mwepesi si lazima uwe mfupi wala wa kuchosha.

Jambo la pili nililiona kwa binti yangu. Alishuka kinyumenyume huku akimtazama bintiye usoni. Alishuka kwa mguu mmoja. Alishuka bila fimbo, mikono nyuma. Kisha akainamisha skii ubavu, zikachora juu ya theluji mistari miwili myembamba kama ya kalamu, pasipo kuchimbua hata kidogo. Aliniambia kwamba kwenye mteremko mkali mtu anaweza kudanganya, kwa sababu kasi na woga huficha makosa. Kwenye mteremko mwepesi kosa huonekana lote. Zaidi ya hayo, skii za leo zimemsaidia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Elan ya Slovenia ilitengeneza skii zenye kiuno kilichozama kuliko zile za kawaida, na nyingine zikafuata mfano huo. Skii za namna hiyo hukata kona fupi na safi hata mahali ambapo mwinamo ni mdogo. Ni kile kiuno cha Norheim kilichorudi baada ya zaidi ya miaka mia moja, nacho kimewarudisha mabingwa kwenye miteremko waliyokuwa wameidharau.

Mvulana naye hakukosa lake. Kila alipoona kijinjia kinachochepuka pembeni mwa miti aliingia humo, akatokeza mbele akipiga kelele, na wote wakakutana tena kwenye njia kuu. Watu watatu wenye uwezo wa aina tatu walikwenda safari moja, na hakuna aliyemsubiri mwenzake kwa manung'uniko.

Msomaji mpenzi, sasa nifikie lililonifanya niandike. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipoanza kutekelezwa nchini mwaka 1977 madarasa yalifurika, na walimu wengi waliletwa wakiwa wamemaliza darasa la saba tu, wakijifunza ualimu huku wakifundisha. Baadaye, nilipokabidhiwa shule, nami nilifuata desturi niliyoikuta. Walimu wa Daraja la Tatu A niliwapanga darasa la saba, kwa sababu ya mtihani. Wale wachanga kazini niliwapanga darasa la kwanza, watoto themanini au tisini katika chumba kimoja. Niliona ni sawa. Kufundisha "a, e, i, o, u" kuna ugumu gani?

Palikuwa na mwalimu mmoja mwanamke, hodari kuliko sote katika hisabati. Mwaka mmoja alikuja ofisini, akaomba apewe darasa la kwanza. Nikadhani amechoka, anatafuta kazi nyepesi. Alinieleza, "Mwalimu Mkuu, wale wa darasa la saba ninawafundisha vitu walivyovikosa mwaka wa kwanza. Nipe nikaanze kule." Nilimkatalia, tena kwa maneno makali, mbele ya wenzake. Nikamwambia kwamba shule haiwezi kupoteza mwalimu mzuri kwa watoto wadogo. Neno hilo "kupoteza" nalikumbuka hadi leo. Aliendelea na darasa la saba mpaka alipohamishwa, hakuomba tena. Na mimi niliendelea kupokea darasa la nne watoto wasioweza kusoma majina yao, nikiwalaumu wazazi.

Nilipokuwa nimesimama juu ya mlima ule wa ugenini, nikimwona mwanangu mwenyewe akiutumia ubingwa wake wote kwenye njia ya mtoto wa miaka sita, na njia yenyewe ikiitwa kwa jina la mwalimu wa kike wa kijijini, ningeweza kusahau kila kitu isipokuwa yule mwalimu. Alikuwa akiniambia jambo lile lile aliloniambia binti yangu garini. Darasa la kwanza halikuwa limemmaliza.

Mwanzo wa ngoma ni lele, na lele haliachiwi asiyejua kuimba. Niliporudi nyumbani nilimtafuta. Anaishi kijiji cha pili kutoka kwangu, amestaafu, macho yamepungua nguvu. Nilimwomba radhi kwa maneno yale ya ofisini, baada ya miaka zaidi ya ishirini. Alicheka, akasema alikwisha kuyasahau, jambo ambalo sikuliamini. Kisha akaniomba nimsubiri kidogo, kwa kuwa wakati wa masomo umefika. Watoto sita wa jirani waliingia, wakaketi kwenye mkeka chini ya mgomba. Akachukua kijiti, akainama, akaandika herufi "a" mchangani, taratibu, kana kwamba anaiandika kwa mara ya kwanza. Hakuipenda ilivyotokea. Akaifuta kwa kiganja, akaiandika tena.