Ziwa la Kabaka na Walio Bondeni

Kati ya kilima cha Mengo na kile cha Lubaga, jijini Kampala, kuna ziwa lililotengenezwa kwa majembe. Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda, aliamuru lichimbwe kati ya mwaka 1885 na 1888, na nia yake ilikuwa kuliunganisha na Ziwa Victoria kwa mfereji, apate kushuka ziwani kwa mtumbwi bila kukanyaga nchi kavu. Wapo wasemao alitaka tu starehe ya safari, wapo wasemao alijiandalia njia ya kutorokea. Mfereji haukukamilika. Ziwa lilibaki, na leo husimuliwa kwa fahari kama kazi kubwa ya mikono ya Waganda. Fahari hiyo ina haki yake, lakini inafunika jambo ambalo historia ya ziwa hili inalionyesha vizuri kuliko vitabu vingi vya uhandisi: hatari ya maji yanayomilikiwa na mtu mmoja haipimwi kwa ukubwa wa maji wala kwa uimara wa udongo peke yake. Hupimwa kwanza kwa kuangalia nani yuko chini ya maji hayo, na kama ana njia yoyote ya kumwambia mwenye maji hapana.

Tuanze na uchimbaji wenyewe. Mwanga alirithi kiti mwaka 1884 akiwa kijana, na alitawala wakati makundi ya Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu yalikuwa yanakua ndani ya baraza lake na mikononi yakishika bunduki. Mwaka 1886 aliamuru kuuawa kwa vijana Wakristo, wengi wao wakichomwa Namugongo. Katika hali hiyo akaongeza kazi ya ziwa, na hakuwaacha wakubwa: machifu nao waliamriwa kuingia kwenye tope pamoja na watu wao, na waliochelewa wakatozwa faini. Kumtia chifu tope mbele ya watumishi wake ni kumdhalilisha, na tusi la aina hiyo halisahauliki upesi. Mnamo Septemba 1888, uvumi ulipoenea kwamba Kabaka alipanga kuwapeleka wenye dini kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria na kuwaacha huko wafe njaa, makundi yale yakaungana na kumwondoa, nduguye Kiweewa akatawazwa. Siyo kwamba ziwa peke yake lilimpindua. Dini, bunduki na hofu ya kuuawa vilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Ila ziwa liliwapa watu waliogombana wao kwa wao kinyongo cha pamoja, na hilo Mwanga hakulipigia hesabu.

Mhandisi anaweza kunikatiza hapa: lile ni shimo, halina ukuta wa kuvunjika, kwa hiyo mazungumzo ya usalama wa mabwawa hayalihusu. Nusu ya pingamizi hilo ni kweli. Maji yaliyo chini ya usawa wa ardhi inayoyazunguka hayana pa kukimbilia. Hatari yake ni mtu kuzama. Lambo lililozuiwa kwa tuta la udongo ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa maji yake yako juu ya watu na yanasukuma tuta mchana na usiku. Maji yakipita juu ya tuta, hulichimba kwa nje mpaka likatike. Yakipata upenyo ndani yake, kwenye mzizi wa mti au kando ya bomba la zamani, huanza kubeba chembe za udongo kidogo kidogo, na mwenye bwawa akija kuona maji machafu yanatoka upande wa chini, huenda amebakiwa na saa chache. Lakini mpango wa Mwanga haukuishia kwenye shimo. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mabonde ya Kampala yako juu zaidi kuliko hapo. Mfereji ulio wazi kati ya sehemu hizo mbili ungehitaji malango ya kuyazuia maji, la sivyo ungelikausha ziwa la juu. Malango yangeyageuza maji ya Mengo kuwa maji ya kuzuiwa, na watu wa njiani kuwa watu wa bondeni. Kutokukamilika kwa mfereji kuliwaepusha na hali hiyo.

Mwaka uliofuata kupinduliwa kwa Mwanga, Marekani ilionyesha jinsi mambo yanavyokwenda pale kazi inapokamilika na mwenye mali asiulizwe. Bwawa la South Fork, Pennsylvania, lilikuwa la tuta la udongo na mali ya klabu ya matajiri waliolitumia kuvua samaki na kupumzika. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameondolewa zamani na hayakurudishwa. Juu ya tuta pakashushwa ili magari ya farasi yapite, na kwenye njia ya maji ya ziada zikawekwa nyavu ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikalivunja, na mji wa Johnstown, ulio bondeni, ukapoteza watu 2,209. Wakazi wa mji walikuwa wakilizungumzia bwawa hilo kwa wasiwasi kwa miaka, lakini wasiwasi wao haukuwa na ofisi ya kupelekwa.

Daraja za usalama zilizaliwa kutokana na misiba ya namna hiyo, na wengi huzielewa vibaya. Huko Marekani bwawa hupewa vipimo viwili visivyofanana. Kimoja ni cha hali yake: tuta, mabomba, njia ya maji ya ziada. Kingine ni cha madhara: likivunjika, nani atakufa? Bwawa zima kabisa, lililotunzwa vizuri, linaweza kuwekwa kwenye daraja la juu la hatari kwa sababu tu kuna nyumba chini yake. Tena daraja hilo hupanda bila mwenye bwawa kugusa hata jiwe, watu wanapokuja kujenga bondeni. Bwawa la Kelly Barnes, Georgia, lilikuwa dogo na mali ya chuo cha dini. Lilivunjika usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 na kuua watu 39 waliokuwa wamelala chini yake, ndipo Rais Carter akaamuru ukaguzi wa mabwawa yasiyo ya serikali yaliyo juu ya makazi. Kwetu Afrika Mashariki funzo lilikuja usiku wa tarehe 9 Mei 2018 huko Solai, kaunti ya Nakuru, pale bwawa la shamba la binafsi lilipokatika katika msimu wa mvua nyingi na kuua watu wasiopungua 47. Uchunguzi ulionyesha kuwa mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na vibali. Watu walijua yako pale. Kijiji kizima kiliishi chini yake. Serikali haikuwa imeyapima kwa jicho la walio chini.

Tukirudi Mengo, sheria imeacha mwanya wa ajabu. Sheria ya mwaka 1993 ya kuwarudishia watawala wa jadi mali zao ililitaja Ziwa la Kabaka miongoni mwa mali za Buganda, pamoja na Lubiri, yaani kasri la Kabaka, na Bulange, jengo la bunge la ufalme. Miaka miwili baadaye Katiba, katika ibara ya 237, ikaiweka serikali kuwa mdhamini wa maziwa ya asili, mito na ardhi oevu kwa niaba ya wananchi. Ziwa la Mwanga si la asili. Litakuwa basi mali ya taasisi ya ufalme kama nyumba au shamba, na watu wa Ndeeba wanaoishi jirani nalo hawana udhamini huo wa Katiba juu yake. Kuna watakaosema Sheria ya Maji ya 1995 inatosha, kwa kuwa inaipa serikali mamlaka ya kusimamia maji yote na kudai kibali kwa ujenzi wa kuyazuia. Ni kweli kwa bwawa jipya. Lakini kibali humtazama ajengaye siku anayojenga, na maji ya zamani, yaliyochimbwa kabla ya kuwepo ofisi yoyote ya kuomba ruhusa, yanahitaji kupimwa upya kila makazi yanapobadilika.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Mfugaji aliyechimba lambo la kunyweshea ng'ombe, akiambiwa amlipe mhandisi kila mwaka, atalificha au ataliacha lianguke. Nalikubali pingamizi hilo, na ndiyo maana daraja la madhara lifuatwe kabla ya daraja la hali. Lambo ambalo chini yake kuna malisho tu liachwe na mwenyewe, atazame tuta lake baada ya mvua na kung'oa miti inayoota juu yake. Lile lililo juu ya shule au kijiji likaguliwe kwa gharama ya umma, na walio chini wawe na haki ya kisheria ya kuudai ukaguzi huo. Kuhesabu nyumba zilizo bondeni hakuhitaji mhandisi. Karani wa kata anaweza kuifanya kazi hiyo kwa miguu katika asubuhi moja.