Kiti cha enzi

Msomaji wa Biblia akikutana na kiti cha enzi huona mfalme na malaika. Mtu wa Lamu huona fanicha. Kwake ni kiti kikubwa cha mbao nyeusi nzito, chenye mgongo wima, mikono mipana na pahala pa kuwekea miguu. Kikalio chake hakipigwi mbao, husukwa kwa kamba nyembamba. Mgongoni hutiwa nakshi za vipande vya mfupa au, katika vile vya zamani, pembe ya ndovu, ambayo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989.

Enzi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni nguvu na utukufu. Lakini katika nyumba za mamwinyi kiti hiki aliwekewa mgeni wa heshima, kwa hiyo utukufu ulikuwa wa aliyekaribishwa. (Kwa raha sikisifii: mgongo ule haumruhusu mtu kujilaza.)

Mafundi wa Lamu bado wanavitengeneza. Ukienda kununua, usiishie kwenye nakshi. Kipindue, utazame kamba ilivyosukwa kwa chini.