Kariakoo na Gerezani: Historia Iliyomo Katika Majina ya Kituo

Kituo cha Gerezani, kilichoko Kariakoo, Dar es Salaam, kilianza kupokea mabasi ya mwendo kasi mwaka 2016. Kituo ni kipya, lakini majina hayo mawili ni ya zamani, nayo yafaa yachunguzwe.

Neno "gereza" tumelipata kwa Wareno, ambao kwao igreja ni kanisa. Katika Kiswahili cha pwani likawa na maana ya ngome, kisha ya kifungo.

"Kariakoo" ni jina la vita. Wajerumani walijenga hapo jengo la soko kabla ya mwaka 1914. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps. Wenyeji walilipokea jina hilo kwa sikio wala si kwa jicho. Herufi p na s zisizotamkwa hazikuingia, na neno likaishia kwa irabu kama ilivyo desturi ya lugha yetu. Nairobi nako, wapagazi hao hao waliacha jina la Kariokor, ambalo limebaki na r yake ya mwisho.

Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, na aghalabu makaburi yao hayajulikani. Soko jipya, alilolichora Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na jina halikubadilika. Basi anayetaka kubadili majina ya vituo na apime kwanza: huenda anafuta kumbukumbu waliyoachiwa watu hao.