Mbao, Nyavu na Viumbe Waharibifu katika Mialo ya Mara

Kwa sehemu kubwa ya historia ya uvuvi katika mialo ya Ziwa Victoria huko Musoma na Bunda, zana zilitoka kwenye mimea: migono ya matete, kamba za nyuzinyuzi, mitumbwi ya mbao. Bakteria na kuvu humeng'enya selulosi iliyo katika mimea, kwa hiyo mvuvi alikuwa pia mtengenezaji asiyepumzika. Huko Butiama, mbali na maji, kazi ya kuharibu mti ni ya mchwa. Hushambulia nguzo za nyumba na maghala, na baadhi yao hulima kuvu ndani ya kichuguu ili iwasaidie kulainisha mti.

Mwaka 1905 Aarup, raia wa Norwei, aliingiza nyavu za kutega za kitani katika Ghuba ya Winam, na zikasambaa kandokando ya ziwa. Zilivua zaidi kuliko migono, lakini kitani nacho ni selulosi. Wavu ulioachwa na unyevu ulioza upesi; kuuanika juani lilikuwa sharti la kazi.

Mtumbwi ulikuwa na adui wa namna nyingine. Buu wa mdudu Povilla adusta hutoboa mbao zilizozama, hujitandikia hariri ndani ya tundu, kisha huchuja chakula kutoka majini. Mbao yenyewe haili. Anachotaka ni makazi tu. Hata hivyo matundu yakiwa mengi, ubao hulegea na chombo huvuja. R. Hartland-Rowe, aliyemchunguza mdudu huyu Uganda, alionyesha mwaka 1955 kwamba wadudu wazima huruka kwa wingi siku chache baada ya mwezi mpevu. Kwa jambo linalogharimu wavuvi kiasi hiki, ni uchunguzi unaostahili kujulikana zaidi.

Uharibifu wa vitu unaofanywa na viumbe hai, kama huu wa nyavu na mitumbwi, una wataalamu wake ulimwenguni; walifanya kongamano lao la kwanza la kimataifa Southampton, Uingereza, mwaka 1968.

Wakati huo nailoni, iliyoenea ziwani tangu miaka ya 1950, ilikuwa imeshageuza mambo. Vijidudu vya maji haviivunji kwa kasi yenye maana, na mvuvi akaondokewa na kazi ya kuanika kila mara. Lakini wavu wa kitani uliopotea ulioza na kuacha kuvua. Wa nailoni ukipotea huendelea kunasa samaki asiyevunwa na mtu, na nyuzi zake hukatika vipande vidogo vinavyobaki ziwani.