Kano la Ng'ombe na Kiraka cha Moyo

Kabla ya reli kufika Nakuru mwaka wa 1900, malisho ya bonde lile yalikuwa ya Wamaasai. Hata jina la Nakuru latokana na lugha yao. Watu hawa walikuwa na wapasuaji wao. Morani aliyeraruliwa na simba hakuachwa hivi hivi: midomo ya jeraha iliunganishwa kwa miiba mirefu ya mgunga, ikafungwa kwa nyuzi za kano za mnyama. Moritz Merker, ofisa wa Kijerumani aliyekaa upande wa Moshi, aliandika juu ya uganga wao katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1904. Mwaka uo huo yalifanywa mapatano na Waingereza, na Wamaasai wakahamishwa kutoka kandokando ya reli ili walowezi wapate mashamba. Pamoja na ng'ombe, wakaondoka na wapasuaji wao.

Kano ile haikuwa kamba tu. Sehemu yake kubwa ni kolajeni, yaani nyuzi zile zile zinazoshikilia ngozi na mishipa ya mnyama na ya mwanadamu pia. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970, wapasuaji wa moyo wametumia sana utando unaouzunguka moyo wa ng'ombe. Hudabaghiwa kwa dawa, mithili ya ngozi, kisha hukatwa ukawa kiraka.

Sasa fikiri, msomaji, hali ya mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Mshipa umeziba, nyama iliyokosa damu hufa, na mahali pake huota kovu. Mfupa uliovunjika huunga, bali nyama ya moyo haioti tena kiasi cha kutosha. Pengine ukuta ulio kati ya vyumba viwili hutoboka, na katika miaka ya 1950 Denton Cooley wa Marekani aliziba tundu la namna hiyo. Lakini kiraka kinachoziba hakipigi.

Kilichokosekana ni uhai. Mwaka wa 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha chembe za panya waliokua katika hali ya uchanga, na mwaka uliofuata akafanya vivyo kwa chembe za binadamu. Huko Göttingen, Ujerumani, wataalamu walizikuza chembe za namna hiyo zikawa nyama ya moyo ndani ya kolajeni, na mwaka wa 2021 wakaanza kuwashonea wagonjwa viraka hivyo. Mama mmoja wa miaka 46 alipopewa moyo mwingine baada ya miezi mitatu, moyo wake wa kwanza ulichunguzwa: viraka vilikuwa hai, na mishipa ya damu imeviingia.

Vingali katika majaribio. Katika hospitali ya Tenwek, Bomet, kusini-magharibi ya Nakuru, mioyo hupasuliwa pia. Lakini wengi wanaofikishwa huko ni vijana ambao vilango vya mioyo yao vimeharibiwa na homa ya baridi yabisi.