Jicho la Mchoma Kaure

Sisi tukaao Nkoaranga, chini ya Mlima Meru, tu mbali na bahari, na huenda tukadhani kwamba habari za vyombo vya Uchina hazituhusu. Lakini huko Kilwa Kisiwani huokotwa vigae vya kaure ya kijani vilivyoletwa kwa vyombo vya bahari karne nyingi zilizopita, na makaburi ya kale ya Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Basi na tutazame jinsi kaure ilivyochomwa.

Mfinyanzi wa kwetu huchoma vyungu uwanjani kwa kuni na majani makavu, naye huviona vikigeuka rangi. Mchina hakuviona vyake. Vilitiwa ndani ya makasha ya udongo ili visiguswe na majivu, kisha mlango wa tanuru ukazibwa. Tena ulitakiwa moto wa kadiri ya digrii 1200 hata 1300, wala kipimo cha joto hakikuwako. Moto ukipungua, chombo hakiivi. Ukizidi, hulegea na kupinda. Kwa kosa dogo kazi ya mikono mingi iliharibika.

Kwa hiyo msimamizi wa moto alifuata ishara tatu. Ya kwanza ni rangi: alichungulia tunduni, akaona wekundu ukigeuka manjano, hata ukakaribia weupe. Ya pili ni jaribio: chombo kimoja au kigae kilitolewa kwa chuma, kikatazamwa. Mwanachuoni Song Yingxing alieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1637. Kikionekana kimeiva, kuni zilikomeshwa mara.

Ya tatu ni hewa. Ukijani wa vigae vya Kilwa watokana na chuma kidogo kilichomo katika maji ya kioo yaliyopakwa juu ya chombo. Hewa ikibanwa, moto ukawa na moshi, rangi huwa kijani. Hewa ikizidi, huwa manjano au kahawia. Basi kila kigae cha kijani ni shahidi kwamba palikuwa na mtu aliyejua kuubana moto wake.

Tusimdharau, basi, mama mfinyanzi wa kwetu kwa kuwa hana kipimo wala kitabu. Elimu ya jicho hupatikana kwa miaka mingi, nayo hupotea kwa kizazi kimoja ikikosa wa kuipokea. Na tuwatume binti zetu wakaketi karibu naye, moto ungali ukiwaka.