PNP: herufi tatu zilizomwita mtu mwoga, kisha zikamhukumu

Siku hizi, mtu akisema kwamba barabara ya Kasongo haitatengenezwa hata wajukuu wetu wakizeeka, ataambiwa aache kuvunja watu moyo. Watu watacheka, mwingine atampinga, na mazungumzo yataendelea. Kiswahili kina maneno mengi ya upole kwa mtu wa namna hiyo: mkatisha tamaa, mvunja moyo, mwenye kuona mabaya tu. Lakini mwaka 1964, kusini mwa Maniema na katika sehemu kubwa ya mashariki mwa Kongo, mtu aliyeonekana kusitasita aliweza kupewa jina lingine lenye herufi tatu tu, PNP. Aliyepewa jina hilo hakuchekwa.

Mwanzoni PNP haikuwa tusi. Ilikuwa Parti National du Progrès, maana yake Chama cha Taifa cha Maendeleo, kilichoanzishwa Novemba 1959 huko Coquilhatville, mji unaoitwa Mbandaka leo. Vyama vidogo vya majimbo mbalimbali viliungana chini ya Paul Bolya. Msimamo wao ulikuwa wa pole pole: uhuru sawa, lakini kwa utaratibu na kwa urafiki na Ubelgiji. Machifu wengi walikipenda chama hicho, na watawala wa kikoloni pia walikipenda, jambo ambalo halikukisaidia hata kidogo mbele ya raia.

Wacheshi wa mjini hawakukawia. Kwa Kifaransa herufi hizo hutamkwa «pe-en-pe». Waliosema Lingala wakasikia humo «pene pene na mondele», yaani karibu karibu na mzungu. Waliosema Kifaransa wakatunga lao: Parti des Nègres Payés, chama cha weusi waliolipwa. Ni mzaha mzuri kwa kweli, mwepesi na wenye kuuma, na ulisafiri haraka kuliko karatasi zozote za kampeni. Uchaguzi wa Mei 1960 ulipofika, PNP ilipata viti 15 kati ya 137 vya bunge la taifa, na MNC ya Patrice Lumumba ikapata 33. Chama kilishindwa, lakini jina la utani ndilo lilikuwa linaanza maisha yake.

Wakati huo PNP ilikuwa na maana ya mtu anayesema «bado». Wengine wanadai dipanda leo hii, yeye anauliza nani ataendesha hospitali na nani ataongoza jeshi. Kusema haki, maswali yenyewe hayakuwa ya kijinga. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika hata watu thelathini, na katika Force Publique hapakuwa na afisa mweusi hata mmoja. Tarehe 5 Julai askari waliasi. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Mtu wa «bado» angeweza kusema: niliwaambia. Lakini waliomcheka nao walikuwa na jibu zito: ni nani aliyekaa Kongo miaka yote ile bila kufundisha afisa mmoja? Mbelgiji aliyesema Wakongo hawako tayari ndiye aliyewanyima matayarisho. Kurudia maneno yake kulionekana kuwa ni kumfanyia kazi.

Hapo ndipo neno lilipogeuka kwa mara ya kwanza. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Maniema ilikuwa imempenda sana, na yeye mwenyewe alikuwa amewahi kufanya kazi Kindu alipokuwa kijana. Miaka mitatu iliyofuata, raia waliona watu wachache wakiingia katika nyumba na viti vya wazungu, mishahara ya walimu ikichelewa, na bei za vitu zikipanda. Kukazaliwa msemo wa «uhuru wa pili»: wa kwanza umeliwa, tuuchukue upya. Kama uhuru wa kwanza uliliwa, lazima kuna walioula, na walihitaji jina. Hawakutungiwa jipya. La zamani lilikuwa tayari mdomoni: PNP.

Kufikia 1964 neno hilo lilikuwa halina uhusiano tena na kadi ya chama. Karani aliyepigia MNC kura angeweza kuwa PNP. Mwalimu mwenye viatu vizuri, mfanyabiashara aliyekataa kutoa gari lake, mtu mwenye ugomvi wa shamba na jirani yake, wote waliweza kuingia humo. Msomi Mbelgiji Benoît Verhaegen, aliyeandika kitabu kizima juu ya uasi huo katika Maniema, kilichotoka mwaka 1969, alionyesha jinsi ugomvi wa mahali, wa vyama na wa makabila, ulivyoingia ndani ya vita vilivyoitwa vya taifa.

Simba walitokea upande wa Uvira na Fizi katikati ya mwaka huo. Walipita Kabambare, wakapita Kasongo, na mwishoni mwa Julai wakaingia Kindu wakiongozwa na Nicolas Olenga. Tarehe 5 Agosti walichukua Stanleyville, Kisangani ya leo. Askari wa serikali mara nyingi walikimbia kabla ya mapigano, kwa kuwa habari za dawa zilikuwa zimewatangulia. Simba aliyechanjwa na kunyunyiziwa maji aliamini kwamba risasi zitageuka maji, naye alipiga kelele akitaja jina la Mulele, ingawa Pierre Mulele mwenyewe alikuwa mbali, huko Kwilu, magharibi. Mkaaji yeyote wa Salamabila anajua historia ya maji haikuishia hapo: jina Maï-Maï bado linaishi, na lile la Malaika limejulikana hapa karibu na dhahabu ya Namoya.

Dawa ilikuwa na masharti. Usigeuke nyuma vitani. Usiguse mwanamke. Usimpe mkono mtu asiyepokea dawa. Mpiganaji akianguka, walisema amevunja sharti, na dawa yenyewe haikushindwa kamwe. Sasa fikiria nafasi ya mtu mwenye shaka ndani ya mpango kama huo. Zamani, mtu wa «bado» alikuwa kikwazo tu katika mkutano. Mwaka 1964, mtu anayenong'ona kwamba risasi ni risasi alikuwa anaugusa moyo wa jeshi zima, maana nguvu yake yote ilisimama juu ya kuamini. Kuogopa peke yake kulikuwa kosa, na kuwaogopesha wengine kulikaribia usaliti. Hii ndiyo sababu neno lililoanza kama mzaha juu ya wapenda wazungu liliweza kumshika hata maskini asiyewahi kukaa karibu na mzungu.

Watu waliuawa Kindu. Waliuawa Kisangani, mbele ya sanamu ya Lumumba. Wengi wao walikuwa makarani, wakubwa wa serikali, walimu na wanasiasa wa vyama vingine, watu waliojua kusoma na kuandika ambao jimbo lilikuwa nao wachache tayari.

Halafu upepo ukageuka. Novemba 1964 jeshi la serikali lilirudi Kindu pamoja na mamluki wazungu, na kabla mwezi haujaisha likawa Kisangani. Sasa neno la kuogopwa likawa «Simba» au «Mulele», na waliotajwa hivyo nao waliuawa, mara nyingi kwa ushahidi uleule wa kidole cha jirani. Upande wa Fizi na Kabambare vita viliendelea mwaka 1965, wakati Che Guevara alipokuja kuwasaidia watu wa Laurent-Désiré Kabila. Tarehe 24 Novemba mwaka huohuo Mobutu alichukua utawala, na baadaye MPR ikawa chama pekee. PNP ilibaki bila ofisi na bila wanachama.

Kuna jambo moja ambalo vijana walioua kwa jina la Lumumba labda hawakuambiwa. Juni 1960, Lumumba alipounda serikali ya kwanza ya Kongo, aliwapa nafasi hata wapinzani wake. Kati ya waliokula kiapo kama mawaziri wa nchi alikuwemo Paul Bolya, kiongozi wa PNP.